Kisogo cha Shangazi

Watu waliopenda *Chungu Kimoja* walikuwa wakinisimamisha njiani kuniuliza kama wale mabibi wanapendana vile hata nje ya televisheni. Nilikuwa nikitabasamu na kuangalia viatu vyangu. Mchezo wenyewe ulihusu wajane watatu waliohamia nyumba moja ili wasizeeke peke yao. Kila wiki waligombania kitu kidogo, sabuni au dirisha au rimoti, na kila wiki walimaliza wakiwa kwenye kochi moja, wamejifunika blanketi moja. Wakishatoka kwenye kochi hilo, wawili kati yao hawakuiva chungu kimoja hata siku moja.

Mmoja tulimwita Kengele, kwa sauti iliyompa jina redioni kabla mimi sijazaliwa. Wa pili tulimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Huyo ni shangazi yangu, dada wa baba, na ndiye aliyenitafutia kazi ya kuwavalisha waigizaji nilipomaliza chuo cha ushonaji. Wa tatu, Mama Pole, alikuwa mtu wa kusinzia. Ugomvi ulipita juu ya kichwa chake kama moshi, naye akiamka aliuliza tu kama chai imekuja.

Chuki ya wale wawili ilinizidi umri. Enzi za redio, Kengele alimwambia mwandishi wa gazeti kwamba sauti ya Sindano inafaa kuitia mbuzi. Shangazi hakuitwa tena redioni. Sasa walikuwa wamewekwa chumba kimoja cha kuvalia, kisicho na dirisha, mbele ya kioo kimoja kirefu, nami katikati na pini zangu mdomoni. Walisemeshana kupitia kioo. Shangazi aliuliza kama lile wigi limekula leo. Kengele alijibu kwamba limekula na kushiba, na linamsalimia mgonjwa aliyelala kichwani kwa mwenzake. Majibu yake hayakuchelewa hata kidogo, na hilo lilimuuma Shangazi kuliko maneno yenyewe.

Siku moja Shangazi alikuwa ametoka, nami niko nyuma ya Kengele namfunga zipu. Nilimwomba ainue mkono. Hakuinua. Niliomba tena. Alipoinua macho na kuukuta mdomo wangu ukicheza kiooni, mkono ukapanda mara moja, lakini tayari alijua kwamba nimeelewa. Akanigeukia. Aliniambia kuwa sikio la kushoto lilikufa zamani na la kulia linamfuata mwenzake. Alishajaribu kile kifaa cha masikioni. Kicheko cha watazamaji kilimjia kama kokoto zinazomwagwa juu ya bati, akakitia kifaa hicho kwenye droo. Maneno aliyasoma midomoni mwa watu. Kicheko alikipata kwa nyayo, kwa sababu watazamaji wa studio waliketi kwenye ngazi za mbao zilizoungana na sakafu ya ile sebule yetu ya kuigizia, na wakicheka, mbao hutetemeka. Ndiyo maana kila mara aliniomba ndala za soli nyembamba.

Nilimuuliza kwa nini asimwambie mwongozaji.

"Watanihurumia," alisema. "Na mchekeshaji akishahurumiwa, mjukuu wangu, bora akauze nyanya."

Nilimwahidi kunyamaza, na kunyamaza ni kitu nilichozaliwa nacho.

Lakini umeme una mambo yake. Mchana mmoja ulikatika tukiwa chumba cha kuvalia, hata mkono wangu sikuuona. Shangazi, ambaye giza halikuwahi kumfunga mdomo, alimwambia Kengele kwamba poda aliyojipaka leo ingetosha kupiga lipu choo kizima. Kimya. Nilimsikia Kengele akipapasa sakafuni akitafuta ndala, akiimba puani. Shangazi akarudia, safari hii akamtia na marehemu mume wa Kengele. Kengele akaendelea kuimba. Niliomba moyoni taa zirudi, kisha nikaomba zisirudi. Zikarudi. Shangazi alikuwa ameshika ukingo wa meza, akiziangalia zile soli nyembamba mkononi mwa Kengele, anatabasamu kama mtu aliyefuatwa na zawadi mpaka mlangoni kwake.

Hakumwambia mtu, maana angeonekana mchongezi. Alikwenda tu kwa mwongozaji, kijana wa rika la wanawe, akalalamikia magoti, akasema mbao zile ni baridi kwa watu wa umri wao. Kesho yake sebule ilitandikwa zulia nene. Mama Pole alishukuru na kulala juu yake. Kengele alisimama katikati, akatoa mguu mmoja kwenye ndala, akalikanyaga zulia kwa kidole gumba, akaurudisha mguu.

Kisha Shangazi akaanza kuosha vyombo. Katika mchezo yeye ndiye mpishi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Alisimama kwenye sinki lenye bomba lisilotoa maji, akasugua sahani kavu, na maneno yake yote akayaambia ukuta. Kengele alikuwa amezihifadhi kichwani kurasa zote, zake na za wenzake, akawa anakisia kwa mabega ya Shangazi: sasa anasema, sasa amemaliza, sasa zamu yangu. Shangazi akaruka mstari. Akauuliza ukuta ni nani aliyelala kitandani kwake jana, na Kengele, kwa ile sauti yake nzuri, akajibu kwamba amekula nusu tu, nusu nyingine ameifunikia sahani. Mara ya kwanza mwongozaji alicheka. Mara ya tatu alivua kofia akajikuna.

Wiki ya mwisho ya msimu alikuja chumba cha kuvalia, akasimama mlangoni. Aliongea na Kengele kwa adabu sana, mama yangu hivi, mama yangu vile. Wenye kituo wanasema anasahau. Kwa hiyo kipindi cha mwisho kimeandikiwa miisho miwili. Akienda vizuri, mabibi watatu watakaa kwenye kochi kama kawaida, na msimu ujao wataonana. Akikwama, italia honi nje ya mlango wa sebule: mtoto wake amekuja kumchukua akaishi naye, na kwenye mchezo hatarudi. Uamuzi ni wake yeye mwongozaji, palepale, watazamaji wakiwepo.

"Ukisikia honi, mama yangu, chukua sanduku."

Kengele aliinamisha kichwa kukubali. Nyuma yake Shangazi alikuwa akichana wigi lake taratibu, unywele mmoja mmoja.

Sanduku nililipanga mimi, ni kazi yangu. Nilitia magauni yake mawili ya kwenye mchezo na koti la kahawia. Nilipomaliza nilimfuata Shangazi kwenye ngazi za nyuma za studio, alikopenda kukaa na kikombe chake. Maishani mwangu sikuwahi kubishana naye. Nilimwomba, nikiangalia kikombe, awe anamgeukia mwenzake anaposema. Hayo tu.

Hakukana. Aliniuliza kama najua kazi yake pale ni nini. Nikasema ni kuigiza.

"Kazi yangu ni kupasua kuni," alisema. "Mimi napasua, yeye anaota moto. Mimi nasema, yeye anajibu, wanacheka naye. Miaka yote hii, kuna hata mmoja aliyekusimamisha njiani akaniulizia mimi?"

Hakuwepo hata mmoja. Akanywa chai yake mpaka mwisho, akanipa kikombe nikakioshe, akasema damu ni damu na kazi niliyonayo naijua nilivyoipata.

Siku ya kurekodi ngazi za watazamaji zilijaa mpaka juu. Mimi nilisimama pembeni, nyuma ya ukuta wa sebule, mahali ambapo wao wananiona na watazamaji hawanioni. Sanduku lilikuwa kando ya mlango. Shangazi alikwenda moja kwa moja kwenye sinki, akaliambia bomba mstari wake wa kwanza. Kengele hakujibu. Mtu mmoja kwenye ngazi akakohoa. Nikamwona mwongozaji akiinua mkono kumwelekea fundi wa sauti.

Ndipo Kengele alipofanya jambo ambalo halikuandikwa popote. Alilivuka lile zulia, akamshika Shangazi kidevu kwa vidole viwili, kama unavyomshika mtoto anayekataa dawa, akamgeuza mpaka pua zao zikakaribia kugusana.

"Nimeishi na wewe nyumba moja, na ninachokijua vizuri ni kisogo chako," alisema. "Haya, sema tena. Na hiyo sahani iache, imetakata tangu juzi."

Kicheko kilishuka kutoka kwenye ngazi kama mzigo uliokatika kamba. Hakikuhitaji mbao, niliona macho ya Kengele yakipita kwenye vinywa vya watu wa safu ya mbele, akasubiri vifungwe. Shangazi ilimbidi arudie mstari wake, amekamatwa kidevu, na hasira iliyokuwa usoni mwake haikuwa ya kuigiza. Watu wakacheka zaidi. Walikuwa wakimcheka yeye. Aliposema mstari wa pili wakacheka tena, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimwona Shangazi akipoteza hesabu ya maneno yake kwa kusubiri kicheko kiishe.

Akageukia sinki tena. Mpaka leo sijui kama ni kwa ukaidi au kwa utamu. Kengele aliinua vile vidole viwili tu hewani, na watu wakaanza kucheka kabla hajapiga hatua. Mara ya tatu wao wenyewe walipaza sauti kutoka juu: "Geuka!" Shangazi akageuka. Mkono wa mwongozaji ulikuwa umeshuka zamani.

Tukafika mwisho. Hapa ndipo honi ilie au isilie. Haikulia. Mama Pole alikuwa ameshaanza kulikunjua blanketi. Shangazi akaacha sahani, akajifuta mikono isiyo na maji, na bila kulazimishwa akamgeukia Kengele uso mzima, kwenye taa, midomo wazi na mizuri kama ya mwalimu wa darasa la kwanza.

"Honi hiyo," alisema. "Mwanao amefika."

Studio ilikuwa kimya. Kengele aliitazama midomo ile. Hakuwa na sababu ya kuiamini na hakuwa na sikio la kuipinga. Akatazama mlango. Akapiga hatua mbili, akaweka mkono kwenye mpini wa sanduku nililolipanga mimi, na akainua macho pembeni, akanikuta.

Shangazi naye alikuwa akinitazama. Alikuwa mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa na surua, aliyekuwa akinigawia mnofu wake kwenye sahani. Nilitikisa kichwa: hapana.

Kengele akaachia mpini. Akawageukia watu wa kwenye ngazi.

"Mimi sijasikia honi," alisema. "Nyinyi mmesikia?"

"Hatujasikia," wakajibu wote.

"Basi ameisikia mwenzangu peke yake. Uzee huo, msimcheke."

Wakamcheka. Mama Pole akapiga kochi kwa kiganja kuwaita. Wakakaa watatu, blanketi moja, na chini ya blanketi, kama nilivyoona nilipokwenda kuwavua vipaza sauti, Shangazi alikuwa amefinya paja la Kengele, na Kengele alikuwa amekunja kidole kidogo cha Shangazi kuelekea nyuma. Wote walikuwa wakitabasamu mbele ya kamera.

Mwongozaji alimpongeza Shangazi kwa ule utani wa honi, akasema hakuna mwandishi angeubuni. Shangazi alisema asante. Chumbani alikaa mbele ya kioo, akasubiri Kengele akae, kisha akasema taratibu, akitenganisha maneno ili yasomeke vizuri:

"Iko siku umeme utakatika tukiwa mbele ya watu."

"Nitakuja na tochi," Kengele alijibu. "Nitakumulika meno."

Shangazi akahamisha macho kiooni, akanitazama mimi kwa muda mrefu.

"Mtoto wa kaka yangu," alisema, na siku ile hakusema zaidi.

Msimu mpya tuko watatu chumbani kama mwanzo, wanne Mama Pole akiwa macho. Kumgeuza Shangazi sasa kumeandikwa kabisa kwenye kila kipindi. Watoto mitaani wanashikana videvu. Watu bado wananisimamisha njiani, na sasa wengi wanamuulizia yeye, yule bibi anayegeuzwa. Nilimwambia hivyo mara moja. Aliendelea kuvaa hereni zake kama aliyesemeshwa na kiti. Hanisemeshi isipokuwa kwa kazi, na tukikutana nyumbani kwa baba ananiitikia shikamoo yangu kwa kukohoa.

Wiki iliyopita, kabla ya kurekodi, alinyoosha mkono bila kunitazama na kuniomba mafuta ya mgando. Nilimpa. Alijipaka kidevu chote, kutoka sikio hadi sikio, mpaka kikang'aa kama kijiko, akatoka akiwa ameinua kichwa. Kengele alikuwa ameyaona yote kiooni. Alinyoosha vidole vyake viwili juu ya meza, akaviweka mbele yangu, akasubiri.

Nikafungua kopo la poda.