Krenki ya Kuungwa

Krenki ya gari lile, ule mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni, ilikatika mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mara hii Fundi Mkubwa alipoagiza nyingine, aliambiwa hazitengenezwi tena. Gari lilikuwa lake mwenyewe, dizeli ya silinda tatu yenye turbo ya kuiongezea nguvu, na ndilo lililokuwa likimpeleka mkewe hospitali kusafishwa damu, mara tatu kila wiki. Jirani aliwaazima lake kwa wiki mbili, si zaidi.

Upande wa pili wa karakana, nyuma ya turubai, dada yake Fundi Mkubwa, kitindamimba, alitengeneza pikipiki. Walimwita Kidole, kwa sababu alikuwa akipitisha kidole kwenye chuma akakwambia kimepinda unywele kiasi gani.

"Kaka, nitakuchongea krenki," alisema. "Kama ya pikipiki. Vipande vipande, halafu tunavishindilia."

Fundi Mkubwa akacheka mpaka akashika kiuno. "Mama wee! Turbo inasukuma kama fahali, wewe unaniletea mkufu?"

"Mkufu ukikatika kipande, nabadilisha kipande. Hiyo yako ikikatika, unalia."

Siku tisa alichonga. Kaka mtu alijifanya ana shughuli zake, lakini shingo ilikuwa huko huko kwenye turubai. Alimwona akizifanya pini za kuungia vipande ziwe nene mara mbili ya zile za pikipiki, na matundu ya kuzipokea akayaacha madogo kuliko pini zenyewe, kwa unene wa nusu unywele. Siku ya kuunga, pini zililazwa kwenye friza, sahani za chuma zenye matundu hayo zikachemshwa ndani ya mafuta. Pini ikateremka taratibu kama mguu kwenye soksi. Vilipopoa, vikashikana kama ndugu kwenye shamba la urithi. Juu ya kila kiungo Kidole akachora mstari mwembamba kwa sindano, kutoka pini hadi sahani, ili pini ikiteleza ionekane.

Wakaipima. Mshale wa saa ya kupimia unyoofu ukachezacheza. Krenki haikunyooka sawasawa.

"Tuikwangue kwenye mashine," Fundi Mkubwa akasema. Miaka thelathini ya magari ilimfundisha hivyo.

"Thubutu! Ukikwangua chuma kinapungua, umeiua. Hii inapigwa."

Akachukua nyundo ya shaba, akaizungusha krenki polepole, kidole kikitafuta. Fundi Mkubwa akamkumbuka mkewe, akamshika dada yake mkono.

"Dada yangu, hatuna nyingine."

"Ndiyo maana nitapiga mara moja."

Ko! Mshale ukatulia tuli. Krenki ya gari kunyooshwa kwa nyundo, hilo Fundi Mkubwa hakuwahi kuliona.

Wakaifunga. Wakalijaza gari mifuko ya mchanga, wakalipandisha mlima mara kumi, turbo ikipiga mluzi. Kisha wakamwaga oili, wakafungua injini kwa chini. Fundi Mkubwa akalala chali na taa, akatazama viungo sita, kimoja baada ya kingine, halafu akarudia tena. Mistari yote ilikuwa imenyooka kama ilivyochorwa.

"Haijateleza hata chembe," akasema. "Kidole, wewe ni mtu wa namna gani?"

Mkewe akaja akijikongoja, ameshika ukuta. "Limepona?"

"Muulize fundi."

"Fundi si wewe?"

"Mimi leo nashika taa, mke wangu. Fundi ni wifi yako."

Kidole akajifuta mafuta mikononi. "Wifi, kesho saa mbili uwe tayari. Nakupeleka mwenyewe."