Chandarua cha Mbolea

Ti. Kimya kidogo, kisha ti-ti, kama mtu anayegonga sufuria kwa ukucha. Alfajiri ilikuwa bado nyeusi, na Zipora alijilaza akisikiliza sauti hiyo ya nje ya dirisha huku akitabasamu. Kila ti ilikuwa kanitangaze mmoja, yule kipepeo mdogo wa rangi ya majivu, aliyejigonga kwenye taa ya sola na kutumbukia kwenye beseni la maji ya sabuni.

"Mama, wanaoga?" Eliza aliuliza kutoka ndani ya blanketi.

"Wanaoga, mwanangu. Mara ya mwisho."

Mtego huo alifundishwa kwenye darasa la jioni, Lushoto mjini. Mwalimu aliinua jani la nyanya mbele ya balbu, wote wakaona: katikati ya ngozi ya juu na ya chini, funza mwembamba, mtoto wa kanitangaze, alikuwa anajilia taratibu, nyuma yake ameacha njia nyeupe yenye kona nyingi kuliko barabara ya kushuka Mombo. Huyo kajificha, alisema mwalimu, dawa haimpati kirahisi. Mchume pamoja na jani lake. Zipora aliafiki upesi, maana Eliza, mwenye miaka minne, alikuwa anakula nyanya shambani bila hata kuzifuta.

Mama mkwe wake, Bibi Secilia, hakukubali wala hakukataa. Alitoa siku. Ngazi moja ya shamba la mteremkoni alikuwa amemwazima mkamwana wake apande nyanya zake mwenyewe, za kwanza maishani. Majani yakiendelea kutobolewa njia mpaka Jumamosi ya tatu, nyanya zinang'olewa, maharage yanarudi mahali pake. Na hilo darasa, aliongeza, wangefundishana kusuka mikeka ingekuwa afadhali.

Basi kila asubuhi Zipora alichuma majani yenye njia, ndoo ikajaa. Na kila asubuhi Bibi Secilia aliidaka ndoo. Nyumba ile haikutupa kitu cha kijani: alichokataa ng'ombe kilikwenda kwenye lundo la mbolea, na lundo la Bibi halikuwa la mchezo. Hata mchungaji aliwahi kutuma mtu aombe gunia moja kwa ajili ya maua ya kanisani. Lilikaa kando ya banda, hatua tano kutoka kwenye nyanya.

Ajabu, Zipora alivyozidi kuchuma ndivyo beseni lilivyozidi kujaa. Kwa Bibi, mchawi alishajulikana: jirani yao Nikodemo, mwenye nyanya ng'ambo ya mfereji. Jumapili mbili mfululizo, wakitoka ibadani, Bibi alimpa mkono kila mtu; akimfikia Nikodemo, anashikwa na kikohozi.

Jumatatu Zipora alikwenda kuchota mbolea, akageuza jani moja kavu. Lilikuwa limebandikwa vifuko vidogo vya kahawia. Kimoja kilipasuka pale pale. Akatoka kanitangaze, akajikung'uta mabawa, akaelekea kwenye nyanya kama mtu aliyechelewa kazini. Zipora aling'ata upindo wa kanga asicheke. Halafu kicheko kikamwisha. Nani wa kumwambia Bibi kwamba mbolea yake ndiyo wodi ya wazazi? Mumewe Tobia mwenyewe, mtoto wa Bibi wa kumzaa, asingethubutu, sembuse mkamwana.

Akachukua chandarua kuukuu, akalifunika lundo, akabana pindo kwa mawe. Kwa Bibi alisema kuku wanaichakura. Bibi alifurahi sana, akasema hatimaye kuna mtu humu ndani anayeiheshimu mbolea. Majani mapya Zipora alianza kuyawahi kabla Bibi hajaamka, anayafungia kwenye mfuko mweusi, anauanika juani nyuma ya choo.

Jumamosi Bibi alikuja na jembe begani. Alikuwa amemwita na Nikodemo, aje ashuhudie kwa macho yake hasara waliyoleta wadudu wake. Nikodemo alitoa shikamoo, akapewa marahaba nyembamba, akafika kwenye lundo na kusimama.

"Bibi Secilia, mbolea yako inalala kwenye neti? Inaogopa malaria?"

Bibi aligeuka amjibu inavyostahili, jicho likatua kwenye neti. Kwa ndani, chandarua kilikuwa cha kijivu juu mpaka chini, na kilikuwa kinatetemeka. Akakitazama. Akamtazama mkamwana wake, ambaye wakati huo alikuwa anazichunguza sana kucha za miguu yake. Akarudi kwenye chandarua.

Kisha Bibi alishusha jembe, akazipita nyanya bila kuzigusa, akaanza kuchimba shimo.

"Majani yote yenye njia yanafukiwa humu," alisema bila kuinua kichwa. "Chini kabisa. Na yako, Nikodemo, yalete. Maharage yatasubiri."

Nikodemo, mtu apendaye kuelezwa jambo likaeleweka, akauliza: kama si kwake, sasa wadudu hawa wametokea wapi? Zipora akakumbuka kufunga kanga upya. Bibi akazidi kuchimba. Eliza, maji ya nyanya yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko, akanyoosha kidole.

"Wanatoka kwenye mbolea ya Bibi."