Dakika Kumi na Tisa za Mwisho

Mtaani walimwita Bwana Mvua, ingawa kazi yake ilikuwa kutengeneza saa. Filamu isiyo na mvua, ukungu au angalau mtu mmoja anayetazama nje dirishani bila kusema neno, yeye hakuihesabu kuwa filamu. Za ngumi na magari yanayoruka aliwaachia wenye damu moto. Alitaka ile ya polepole, inayokuingia taratibu kama baridi, hadi unashtukia kola imelowa machozi na hujui yalianza saa ngapi. Wateja walishazoea kumkuta kibandani akinyonga skrubu ndogo huku anafuta jicho.

Kipenzi chake kilikuwa kimoja. Mzee wa stesheni ya treni anagombana na binti yake, binti anaondoka, na kila jioni mzee anakaa kwenye benchi kumngoja. Treni zinakuja, treni zinaondoka. Mwishoni ukungu unafunika reli, benchi linaonekana tupu, picha inaganda, kisha skrini inazima. Bwana Mvua alielewa kwamba mzee amekufa akisubiri. Alikuwa akinyamaza dakika nzima, halafu anamwambia mkewe kwamba mwongozaji huyo ni bingwa, hakueleza chochote, amekuachia moyo wako umalizie.

Mkewe hakuwa na haja na mabingwa. Binti yao wa pekee alikuwa ameondoka miaka minne iliyopita, siku baba yake alipomwambia kwamba mtu anayeacha chuo cha uhasibu ili akafungue saluni asimwite baba tena. Mama aliongea naye kwa simu kila wiki, kisha akamsihi mumewe naye apige. Jibu halikubadilika: mlango uko wazi, subira huvuta heri, mzee wa stesheni hakumkimbilia mtu.

"Mzee wa stesheni hana simu," mkewe alimjibu siku moja. "Wewe unayo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Jumapili moja mchana akaja shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi kompyuta. Diski ya filamu ile ilikuwa imejaa mikwaruzo, kwa hiyo alikuwa amemtafutia nakala safi na kuitia kwenye flashi. Wakakaa watatu kutazama. Ukungu ukaja, benchi likawa tupu, Bwana Mvua akatoa leso na kunyanyuka kwenda kuzima.

"Kaa, shemeji," kijana akasema. "Bado dakika kumi na tisa."

Ukungu ukatawanyika. Mzee alikuwa ndani ya treni, kofia magotini. Akashuka mji asioujua, akauliza nyumba baada ya nyumba, akagonga mlango. Binti akafungua, akamwambia alidhani hatakiwi tena. Fidla zikalia, jua likawaka.

Bwana Mvua alikasirika. Fidla nyingi mno, jua lenyewe kama la tangazo la sabuni. Alisema wazi kwamba kipande hicho kimebandikwa na mtu asiye na haya. Shemeji akamweleza taratibu kwamba diski yake ilikuwa inakwama kwenye mkwaruzo, ndiyo maana picha iliganda. Mzee hakufa. Benchi lilikuwa tupu kwa sababu alikuwa ameshapanda treni.

Hapo akili ikamruka. Miaka yote hiyo alikuwa akimlilia nani? Akaomba kirudishwe, kikarudishwa mara tatu. Mara ya tatu fidla zilikuwa zilezile mbovu, naye alikuwa analia kwa kwikwi, wala hakujua kama analilia filamu aliyoipenda au hii aliyoichukia.

Mkewe alibonyeza namba ya binti yao, akamwekea simu sikioni.

"Shikamoo, mama," sauti ikasema.

"Ni mimi."

Upande wa pili kukawa kimya. Kwenye filamu angeusifia ukimya ule; hapa ulimtia hofu, akaanza kubwabwaja habari za benchi, diski, mkwaruzo na kofia, akivuruga mwanzo na mwisho.

"Baba, unaumwa?"

"Sijui. Nilidhani amekufa pale pale akisubiri, kumbe aliondoka kwenda kumtafuta. Sasa sielewi mimi nilikuwa nafanya nini." Akapumua. "Nataka kuja."

Binti akasema, kwa sauti ndogo, "Njoo basi."

Bwana Mvua akavaa viatu bila soksi, simu ameibana begani. Alifika mlangoni akasimama. Miaka minne, na hakuwahi kumuuliza hata mkewe. Alirudi akaomba kalamu, akamuuliza mwanawe anaishi wapi.