Maoni ya Mama Mkasi

Jina la Mama Mkasi alilitoa mumewe, tangu enzi za uchumba wao, na halikuwa na uhusiano wowote na kazi yake ya cherehani. Lilihusu ulimi wake. Alikuwa na uwezo wa kumwambia mtu neno moja likamkata katikati, naye kijana yule aliyekuja kumwoa akalipenda hilo kuliko sura yake. Jina lilipozagaa, wateja wakadhani ni la ufundi. Mwenyewe hakuwasahihisha. Akaenda kwa mchoraji, akachorewa mkasi mdogo kwenye kipande cha bati, akautundika barazani, na biashara ikaenda.

Mumewe alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Miaka ishirini na sita aliingia kila ua wa mji ule na daftari lake, akachutama penye mita, akafuta vumbi kwenye kioo kwa kidole gumba, akaandika namba, akaaga. Alimjua mbwa mkali wa kila nyumba na mwenye nyumba mkali kuliko mbwa. Mji mzima ulimwita Mzee Mita.

Mwaka wa pili baada ya kustaafu, ugonjwa wa kusahau ukaanza kummega. Ulianza na majina ya wajukuu, ukaja siku za wiki, ukafika kwenye viatu, kipi cha kulia na kipi cha kushoto. Kitu kimoja tu haukukigusa, nacho ni kazi. Kila siku saa nne asubuhi Mzee Mita alivaa shati lake la kaki, akachomeka kalamu mfukoni, akatoka kwenda kusoma mita za watu.

Akapotea mara mbili. Mara ya pili alikutwa amechutama kwenye ua wa mtu mgeni mjini, ambaye hakumjua, akamdhania mwizi. Alirudishwa nyumbani mdomo umepasuka na shati halina vifungo, daftari amelikumbatia. Mama Mkasi alimsafisha. Siku iliyofuata alifunga geti kwa kufuli, na siku hiyo mumewe alizunguka ua kutwa nzima, akitetemeka, hali wala haketi. Daktari wa zahanati aliwaambia wazi kwamba dawa ya kuponya hana. "Ila mwacheni atembee, mama. Kutembea ndiko kunakomshikilia."

Sasa atembee arudi vipi? Hapo ndipo Mama Mkasi aligundua jambo. Mzee alikwisha kusahau namba ya kiwanja, rangi ya nyumba, hata mlango. Lakini kila alipouona ule mkasi mdogo wa barazani, uso ulimkunjuka. "Nimefika kwa Mkasi," alikuwa akisema, na kuingia. Tatizo ni kwamba mkasi wenyewe ulionekana tu ukiwa umeukaribia.

Mama Mkasi akarudi kwa mchoraji. Akataka bango la bati refu kuliko mtu, juu ya nguzo mbili za chuma, pembeni kabisa mwa ua, limeinamia barabara. Rangi ya manjano, na mkasi mwekundu uliofunguka.

"Niandike nini chini?" mchoraji aliuliza.

"Usiandike kitu. Mkasi tu."

"Watu watajuaje unashona?"

"Wanajua. Asiyejua ni mmoja, naye simtafutii nguo."

Bango lile lilionekana kutoka mashine ya kusaga upande mmoja hadi tangi la maji upande wa pili. Miaka mitatu Mzee Mita alitoka saa nne na saa saba akarudi, peke yake, kwa miguu yake, akifuata wekundu ule. Mama Mkasi alishona kwa amani. Alizoea kulisikia komeo la geti likikwaruza saruji, kisha sauti ya mumewe: "Nimefika kwa Mkasi."

Mwanzoni mwa mwaka wa nne, gari la matangazo lilipita mitaani. Halmashauri ilikuwa imeandaa sheria ndogo ya mabango ya biashara na ya majumbani, na wakazi wote walikaribishwa kutoa maoni Jumamosi, kwenye ukumbi wa shule ya msingi.

Mama Mkasi alifika mapema akakaa benchi la pili. Mlangoni aligawiwa karatasi yenye rasimu. Akaisoma akiifuatisha kwa kidole. Bango la nyumba ya makazi lisizidi sentimita sitini kwa arobaini. Liwe jeupe, maandishi meusi. Lisiwe na picha. Libandikwe ukutani, si kwenye nguzo, na lionyeshe namba ya kiwanja. Akairudia ile sentensi ya picha mara tatu, kana kwamba ingechoka na kubadilika.

Kinyozi alikuwa wa kwanza kusimama. Alisema kwenye bango lake amechora vichwa tisa, na wateja wake huonyesha kwa kidole kichwa wanachokitaka. "Mkinifutia vichwa, mtu ataanza kunielezea kwa mdomo. Nitamnyoa asichokitaka na ugomvi utakuja kwenu." Watu wakacheka. Mwalimu mstaafu akasema yeye anaunga mkono sheria kwa ajili ya tahajia peke yake, maana kuna duka linauza "vifaha vya ujenzi" mwaka wa saba sasa, na watoto wanaandika hivyo kwenye mtihani. Watu wakacheka zaidi, na mwenye duka akiwa mmoja wao.

Kisha akasimama mfamasia, na kicheko kikakatika. Wote walijua. Miezi minane nyuma mtoto wa dada yake alikuwa akivuka barabara penye kona, na dereva wa pikipiki hakumwona kwa sababu ya mabango matatu ya duka la rangi yaliyoziba kona nzima. Mtoto alikuwa na miaka sita. Mguu ulikatwa juu ya goti.

"Sina maneno mengi," mfamasia alisema. "Nilimshika mimi mwenyewe pale chini. Mtu akiniambia bango lake ni la muhimu, namwomba aje nyumbani kwa dada amwambie mtoto." Akaketi.

Mama Mkasi alimpenda yule mfamasia kama mdogo wake wa tumbo moja. Yeye ndiye aliyemshonea sare za kazi, na mfamasia ndiye aliyemtafutia mzee vidonge vya usingizi vilipoadimika. Alitamani kubaki kimya. Lakini mwenyekiti wa mkutano alipouliza kama kuna mwingine, Mama Mkasi akaona miguu yake imekwisha kusimama.

"Mimi bango langu si la biashara," alianza, na ulimi ule uliokuwa ukikata watu ukawa mzito. "Ni la mume wangu. Wengi mnamjua. Hasomi tena maandishi akayaelewa. Nyumba haijui. Mimi mwenyewe jina langu la kuzaliwa halijui. Anaujua mkasi. Akiuona, anaingia. Asipouona..." Akaikunja rasimu mkononi. "Siipingi sheria. Mtoto yule namjua, gauni lake la kwanza nilimshonea mimi. Naomba tu langu liachwe. Si la siku zote. Ni la siku zake zilizobaki."

Mtu nyuma akasema, "Kweli kabisa, mama yetu." Kinyozi akapiga makofi, na wengine wakafuata. Hata mfamasia alipiga, huku anajifuta macho. Afisa mipango miji, kijana mwenye miwani, aliinamisha kichwa akaandika muda mrefu. "Tumekusikia, mama," alisema. "Tumeandika."

Mama Mkasi alirudi nyumbani mwepesi. Alimwambia binti yake kwenye simu kwamba watu wameelewa, kwamba hata makofi yamepigwa.

Baada ya wiki tano, muhtasari wa maoni ukabandikwa ubaoni kwenye ofisi ya kata. Karatasi mbili. Alisimama juani akausoma. Wakazi walio wengi wameunga mkono. Wenye biashara wameomba muda wa kubadilisha. Mdau mmoja amesisitiza usahihi wa lugha. Chini kabisa, penye Mengineyo: "Mkazi mmoja alishauri huduma kwa wazee ziboreshwe."

Akasoma tena kutoka juu, akidhani ameruka mstari. Hakuwa ameruka.

Akaingia ofisini moja kwa moja. Yule kijana wa miwani alimwamkia kwa heshima, akamvutia kiti.

"Mwanangu, haya ndiyo niliyoyasema?"

Kijana aliangalia karatasi kama anaiona kwa mara ya kwanza. "Mama, mimi niliandika yote, ukurasa mzima. Huko juu wakasema yafupishwe. Kila hoja mstari mmoja."

"Na huo mstari ndio mimi?"

Kijana alifungua droo akaifunga. "Nimetafuta kipengele cha msamaha, mama. Hakipo. Kingekuwepo ningekujazia fomu kwa mkono wangu. Nikiliacha lako, kesho mwenye duka la rangi anasimama hapo ulipokaa wewe, na ana wakili."

"Niuchore ukutani basi?"

"Ukuta pia umo. Kifungu cha nne."

"Kitambaa chekundu?"

"Kitambaa ni sawa, mama, ukikianika kama nguo." Alisema kwa upole kabisa, na upole wake ndio uliommaliza Mama Mkasi. Angekuwa jeuri angepata pa kumkatia. Ulimi haukuwa na pa kushika.

Sheria ilipoanza kutumika, walikuja Jumatano asubuhi, vibarua wawili wa halmashauri na msumeno wa umeme. Walimwamkia, wakamwomba radhi, wakakata nguzo karibu na ardhi, wakang'oa na ule mkasi mdogo wa barazani, kwa kuwa nao ni picha. Dakika kumi hazikutimia. Mmoja akamuuliza bati waliweke wapi, akaambiwa waliegemeze nyuma ya choo. Mzee Mita alisimama barazani akiwatazama, akawauliza kama wamepata kibali cha kukata bomba.

"Tunacho, mzee," kibarua alijibu.

"Vizuri," mzee alisema, akaandika kitu kwenye daftari.

Mama Mkasi alijikaza. Alianika kitambaa chekundu kipana kwenye kamba ya mbele, akatoa cherehani barazani ili mumewe asikie mlio. Mchoraji alimletea bango jipya la kufuata sheria, jeupe, sentimita sitini kwa arobaini: USHONAJI, na namba ya kiwanja chini. Akalibandika ukutani karibu na mita ya maji, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na misumari.

Saa nne mzee akatoka. Saa saba kasorobo akatokea upande wa mashine ya kusaga, mwendo wake uleule wa taratibu. Mama Mkasi aliacha kukanyaga cherehani, kisha akakumbuka mlio, akakanyaga tena kwa nguvu, bila nguo chini ya sindano. Mzee akafika usawa wa geti. Akatazama juu, mahali palipokuwa na bango, akakunja uso kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Kisha akaiona mita.

Akaingia.

Mzee alichutama, akafuta kioo kwa kidole gumba. Akasoma namba za mita, akaandika. Akainua macho kwenye bango jipya, akanakili na namba ya kiwanja, tarakimu kwa tarakimu. Akasimama, akishikilia goti.

"Habari za hapa, mama," alimwambia mkewe.

"Nzuri," alijibu. "Karibu ndani. Chakula tayari."

"Asante sana, kazini haturuhusiwi. Mita yenu haina tatizo." Akafunga daftari. "Samahani, unamfahamu fundi mmoja anaitwa Mkasi? Anakaa mitaa hii hii."

"Ndiye mimi."

Alimtazama kwa makini, kwa adabu, asitake kumuumbua. "Hapana," alisema taratibu. "Yeye ana mkasi."

Mama Mkasi akamshika mkono. Mzee akautoa bila hasira, kama mtu anayeutoa mkono wa mlevi. Alipotoka getini, mkewe alivaa kandambili akamfuata nyuma hatua ishirini, nyumba baada ya nyumba, mpaka saa kumi na moja, mzee alipochoka kabisa akakubali kuongozwa. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Binti alikuja siku nne akasaidia kumfuata, akarudi kwake kwenye kazi na watoto. Mfamasia alikuja Jumapili, akakaa barazani, akalia. "Dada, sikukusudia hivi."

"Najua, mdogo wangu. Ulisema kweli. Na mimi nilisema kweli." Wakanywa chai.

Wiki ya tatu Mama Mkasi aliteguka kifundo cha mguu akimfuata, kwenye mtaro wa karibu na tangi. Hakuweza tena kukanyaga, si barabara wala cherehani. Siku hiyo mzee alirudishwa na mwenye bodaboda aliyemkuta nje kabisa ya mji, midomo imekauka, akitafuta mita kwenye shamba la watu.

Jumatatu Mama Mkasi akamtuma jirani dukani. Kufuli kubwa, funguo mbili.

Saa nne kamili Mzee Mita alivaa shati la kaki, akachomeka kalamu, akaenda getini. Akalivuta. Akalitikisa. Akarudi barazani, alipokuwa mkewe ameketi na mguu juu ya kigoda.

"Mama, samahani kukusumbua. Nimefungiwa humu. Naomba unifungulie, nyumba bado nyingi."

"Subiri kidogo."

"Kidogo kiasi gani? Wananingoja."

Funguo zilikuwa chini ya paja lake, alizihisi zikimchoma. "Mwenye nyumba katoka nazo," alisema. "Akirudi atakufungulia."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa mtu mwenye subira na wenye nyumba maisha yake yote. Akaenda akasimama getini, daftari mkononi, uso kuelekea barabarani, akaanza kumsubiri.