Vivuli kwenye Benchi la Kusubiri

Jumatatu asubuhi, ofisa wa ustawi wa jamii ambaye wenzake walimwita Chapchap alikoroga chai, akafungua kompyuta, akaiuliza akili mnemba kama bibi mmoja mshonaji akabidhiwe mjukuu wake yatima. Sukari haijayeyuka, jibu likaja: ombi likataliwe, mtoto hana kitanda. Sababu zilipangwa vizuri, kwa Kiswahili kilichomshinda hata yeye. Chapchap akabonyeza kukubali. Kivuli chake kikainuka sakafuni, kikatoka nje.

Hakushangaa. Cha ofisa wa meza ya jirani kiliondoka mwezi uliopita, na cha mkurugenzi hakuna aliyekumbuka kukiona. Vyote vilikwenda kukaa kwenye benchi la ukumbini, kati ya watu wanaosubiri, nao walisogea kuvipisha. Mfagizi akitaka kupiga deki aliviomba viinue miguu, vikainua. Adabu vilikuwa nayo kuliko wenyewe.

Angekiacha huko huko. Lakini mchana, alipomchukua binti yake shuleni, jua lilikuwa kali na mtoto alizoea kutembea ndani ya kivuli cha mama.

"Mama, umekiacha kazini?"

"Nimekiacha."

"Basi twende tukakichukue."

Wakakikuta kimekaa karibu na bibi mshonaji, kimeinamisha kichwa. Chapchap akakiita kama mtu anayeita kuku. Hakikugeuka.

"Kinanisikiliza," bibi alisema. "Keti, mwanangu, ndio kwanza nafika penyewe."

Chapchap akaketi, angefanyaje?

"Bibi, mjukuu wako analala wapi?"

"Na mimi."

"Hana kitanda?"

"Anacho, kizuri tu. Mama yake ndiye aliyekinunua. Tangu tumzike, hataki kukilalia, nami simlazimishi. Juzi alikaa ukingoni, akavua viatu. Nikasema moyoni, haya, tunafika."

Masikio ya Chapchap yaliwaka kwa aibu. Ofisa aliyewatembelea nyumbani aliandika tu kwenye ripoti kwamba mtoto hulala na bibi yake. Kitanda kilipotezwa na mashine, naye akaitikia amina.

Akarudi mezani, akafuta jibu, akaandika lake, la kukubali, kwa sentensi zilizopinda na neno moja alilokosea mara mbili. Chai ilikuwa imepoa zamani. Alipomaliza, kivuli kilikuwa kimelala chini ya kiti chake, na binti yake amelala juu ya kivuli hicho. Bibi, alipopewa jibu, aliondoka kwenda kubadilisha shuka za kitanda kile, maana huenda leo ikawa ndiyo siku.

Mkurugenzi alipopata habari aliagiza mabenchi zaidi, kwa kuwa vivuli vilikuwa vikiwabana wananchi. Mashine aliiongezea kazi.

Mabenchi yalifika kesho yake. Ofisa wa meza ya jirani alikuja kukaa kwenye mojawapo, karibu na kivuli chake, akakohoa kidogo, kisha akamgeukia mzee aliyekuwa upande wa pili.

"Baba, hebu nieleze mwenyewe."