Toeni Sauti

Jumamosi asubuhi, redio ya bustani ilipomaliza kutangaza mazoezi ya viungo na wazee wa mtaa wakakunja taulo zao, wanaume sita walichimbia chupa nne mchangani kuwa magoli. Ilikuwa Osaka, mwanzoni mwa Juni. Wanaume hao hawakuwa na nyumba. Walilala kwenye mahema ya turubai la buluu nyuma ya choo cha bustani, viatu vyao vimepangwa nje ya mlango kama kwa watu. Timu ilikuwa na jezi saba. Ya saba, namba nne, ilitundikwa kwenye uzio na hakuna aliyeivaa.

Tanabe alikuwa kipa. Shuti la kwanza, jepesi la kupasha misuli moto, alilinyooshea mikono yote miwili. Mpira ukapita kwenye viganja vyake, ukapita kifuani, ukagonga uzio nyuma yake.

"We Tanabe," akasema Kuwahara, "leo umekula nini? Moshi?"

Alikusudia mzaha, lakini hakucheka hata yeye. Walikwishaona jambo hilo.

Tangu Mei ofisi ya kata ilikuwa ikifuta majina. Vibarua mia tatu wa mtaa walikuwa wameandikisha makazi katika jengo moja la chama chao, kwa sababu asiye na anwani hapati kadi ya matibabu. Ofisi ikaona kwamba jengo moja haliwezi kulaza watu mia tatu, na hilo ni kweli. Ikaanza kuwafuta kwa mpangilio wa herufi za Kijapani, herufi moja kwa wiki: A, I, U, E, O, kisha Ka, Ki, Ku. Aliyefutwa alianza kupitisha mwanga, kisha mvua, kisha mpira. Baada ya siku tisa hakikubaki kitu.

Mwalimu Shiomi, muuguzi mstaafu aliyeanzisha timu na kuifundisha, ndiye aliyegundua, akiwa kliniki, kwamba mtu wa namna hiyo akiitwa kwa jina lake hurudi kuwa mzito kwa muda wa pumzi kumi hivi, na siku zake tisa huanza kuhesabiwa upya. Lakini liwe jina lake hasa.

Hirose, namba nne, alianza kufifia wiki ya A. Hapo ndipo walipojua kwamba hakuwa Hirose. Pale mahemani kumuuliza mtu jina lake la kweli ni utovu wa adabu. Unapokea analokupa, kama unavyopokea kikombe cha chai. Kwa hiyo waliona haya kumuuliza, wakachelewa. Siku walipothubutu, juu ya kola hapakuwa na kichwa tena. Wakaiita jezi kutwa nzima kwa zamu: Abe, Arai, Asai, Akagi. Jua lilipotua jezi ikaanguka.

Sasa Tanabe aliokota mpira mara mbili, mara mbili ukamponyoka kama maji. Kwa hesabu ya herufi, Tanabe alikuwa na zaidi ya miezi miwili mbele yake. Ndivyo walivyohesabu wote.

"Wiki hii ni O," akasema Mwalimu Shiomi, akitazama chini.

Tanabe alivua glovu akazitazama. Kupitia kiganja chake aliona chupa ya goli. Miaka ishirini na mmoja nyuma alikuwa fundi wa kufunga majukwaa ya ujenzi huko kaskazini, na jukwaa alilolifunga kwa mikono yake liliporomoka na shemeji yake akiwa juu. Aliondoka bila kumuaga mkewe, akaliacha jina huko huko, likabaki kwenye karatasi za ofisi tu.

"Niacheni tu," akasema. "Niwekeni kipa wa akiba."

"Kaka," akasema Kuwahara, "mimi jezi nimeshaiita mpaka koo likatoka damu. Glovu siziiti. Sema."

Kwenye choo mtu alivuta maji.

"Orikasa," akasema kipa. "Orikasa Yoshio."

"Orikasa!" akaita Kuwahara, na kipa akasikia mabomba ya chuma ya jukwaa yakianguka, moja baada ya jingine, jinsi yalivyoanguka siku ile. Alifumba macho. Mpira ulikuja ukamgonga tumboni, akaukumbatia.

Ikawa hivyo. Wakati wa kula, Kuwahara alikaa kando yake akitaja jina, ili tonge la wali lisimdondokee mapajani. Kila alipoitwa alisikia mabomba. Hakumwambia mtu.

Jumatatu Mwalimu Shiomi alimpeleka ofisi ya kata. Karani, kijana mwenye heshima, alikitazama kiti, akaona nguo tu.

"Mama, mhusika lazima aje mwenyewe."

"Orikasa," akasema Mwalimu. Kiti kikalia kwa uzito.

Karani aliinamisha kichwa kumsalimu. "Samahani sana. Sasa namwona. Lakini kwenye orodha hayumo." Akawapa fomu ya kuomba kurudishwa. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya anwani.

Wiki tatu baadaye walicheza na wastaafu wa posta. Mvua ya msimu ilinyesha tangu alfajiri. Kuwahara alikuja amevaa shati la mikono mirefu, akasimama nafasi yake ya ulinzi, na wote wakaona kwamba mchanga chini yake ulikuwa ukilowa.

"Basi, wiki ya Ku," akasema. "Mimi ni Kuwahara kweli, bahati yenu. Jina jingine sikupata hata la kuazima."

Walikuwa sita, na sasa majina ya kuita yalikuwa mawili. Aliyekimbilia mpira hakuweza kuita. Aliyeita alichelewa mpira. Orikasa alimwita Kuwahara, Kuwahara akamwita Orikasa, na kila mmoja aliogopa kikohozi cha mwenzake. Mabomba yalianguka bila kukoma.

"Toeni sauti," akasema Mwalimu Shiomi, na yake ilikuwa imekauka.

Wakatoa. Wastaafu wa posta walifunga manne. Kila baada ya muda mmoja wa wale sita aligeukia uzio akaita jina la A lililokuwa halijajaribiwa. Siku hiyo lilikuwa Anzai. Jezi namba nne ilibaki ilivyo, ikichuruzika maji, nao wakaanza tena kutoka katikati.