Salfa Ndani ya Lenzi

Ukutani kwa Gaudens, pale Chiola, palikuwa na picha tatu na msumari mmoja mtupu. Picha ya kwanza ni mkewe Rozalia siku anaolewa, amesimama mlangoni kwa mama yake, amenuna kwa sababu viatu vinambana. Bwana harusi mwenyewe ndiye aliyekuwa mpiga picha. Ya pili ni mwanawe Nicholaus, ya tatu binti yake Marselina, kila mmoja mlangoni mwa nyumba hii asubuhi ya kwenda kanisani kufunga ndoa. Lenzi ilikuwa ileile moja, nzito, ya zamani, aliyoachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao.

Msumari mtupu aliupigilia Rozalia kwa mkono wake. Ulikuwa wa Happy, kitinda mimba. Rozalia akafa kabla haujapata kazi. Gari la wagonjwa lilikuwepo, dereva alikuwepo. Dizeli ilikuwa imekwenda ziarani na wakubwa. Gaudens aliambiwa awe mvumilivu. Tangu hapo kila mtu mwenye muhuri alimwona ni mwizi ambaye hajakamatwa tu.

Sasa Happy alikuwa anaolewa, na lenzi haikuwepo.

Aliyekuwa nayo alijulikana. Mwaka ule lilipozinduliwa ghala la korosho, Ildefonsi, mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima, aliazima kamera "kwa siku ya mgeni tu, ndugu yangu." Kamera ilirudi, jicho lake halikurudi. Kila akiulizwa, Ildefonsi alijibu kwamba suala hilo linashughulikiwa. Uongozi ulipomtoka alihamia Likunja, upande wa Ruangwa, akajenga nyumba ya bati jekundu. Na juzi Gaudens alisikia kwamba anauza vitu vya zamani, lenzi ikiwemo.

Filamu za kamera ya zamani hazikupatikana tena, kwa hiyo Nicholaus alikuwa ameshatuma kamera ya kisasa kutoka Dar, mtumba, isiyo na lenzi, pamoja na pete ya kuunganishia lenzi ile. Gaudens akamfunga mbuzi wake beberu nyuma ya bodaboda, akaenda Likunja.

"Aaa, Bwana Gaudens! Karibu, karibu!" Ildefonsi alimpokea akiwa na kofia ya kiongozi, ingawa hakuna aliyemwongoza zaidi ya kuku. Siku hizi alikuwa anautaka udiwani. "Mbuzi huyo ni wangu?"

"Ni bei ya mali yangu, mwenyekiti."

"Usiseme hivyo. Sisi tumekutunzia."

Lusia, mke wa Ildefonsi, aliileta lenzi kwenye kopo la maziwa. "Shemeji, imetunzwa haswa. Ilianza kushika ukungu kwenye kioo, mwenyekiti akaipulizia dawa mwenyewe."

"Dawa gani, shemeji?"

"Salfa. Si ndiyo inaua ubwiri, ule ukungu wa mikorosho? Na kwenye kioo ukungu ni ukungu."

Gaudens alifungua kopo. Unga wa njano ukamwagika mapajani. Alitazama unga ule, kisha akamtazama mwenye nyumba. Mwaka wa ghala ndio mwaka ambao wakulima wa Chiola waliambiwa salfa haikufika, na maua ya mikorosho yakakauka yakiwa meupe kama yamepakwa majivu. Rozalia alipuliza majivu ya jikoni kwa mdomo, mti kwa mti, mpaka akatokwa na damu puani.

"Kumbe ilifika," Gaudens alisema.

"Ilifika kidogo. Ilibidi tuangalie vipaumbele."

"Na mimi nilikuwa kipaumbele. Chiola nzima, iliyopata salfa ni lenzi yangu tu."

Ildefonsi alicheka kama mtu aliyesifiwa, akamshika beberu pembe.

Nyumbani Gaudens alitandika kitambaa cheupe juani akaanza kazi. Alizungusha pete ya mbele kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akafungua nyingine kwa spoku aliyoichonga ncha. Ndani ilikuwa aibu. Salfa ilikuwa imechanganyika na grisi kwenye meno ya kuzungushia lenzi, ikawa uji mgumu. Kioo cha mbele kilikuwa kimesuguliwa kwa unga uleule, bila shaka na kanga, kikajaa mikwaruzo. Na ukungu wenyewe, ule uliotakiwa kufa, ulikuwa umestawi katikati kama mhogo uliopaliliwa.

"Hata ukungu umemshinda," Gaudens alisema peke yake. "Na anataka kata nzima."

Alisafisha kwa spiriti na pamba, kioo kimoja kimoja. Alikuwa anatukana huku akifanya kazi, na matusi yalipokuwa matamu alisahau kutazama mikono. Wajomba wa bibi harusi walipofika na maturubai, akaharakisha kufunga.

Asubuhi ya ndoa alijaribu kumpiga picha kuku aliyekuwa uani na vifaranga vyake. Kuku aliyekuwa katikati alitoka na kila unyoya wake. Vifaranga vya pembeni vilitoka kama vimemwagiwa maji ya moto, vimevutika, havina kichwa wala miguu. Akajua papo hapo: kioo kimoja amekirudisha kifudifudi. Kukifungua tena hakukuwa na muda, maana Happy alishavaa shela na gari lilikuwa linapiga honi.

Kama Happy akisogea kidogo, amepotea.

"Mwanangu, simama kati ya mlango. Kati kabisa. Mama yako alisimama hapo hapo."

"Baba, mama alisimama kwa bibi."

"Simama, usinisomeshe leo."

Hapo spika ikakoroma. Ildefonsi alikuwa amefika na wapambe wake, na nyuma yao, amefungwa utepe mwekundu shingoni, beberu. Mpambe akatangaza zawadi ya mheshimiwa kwa maharusi. Wanawake wakapiga vigelegele. Beberu alimwona Gaudens akalia kwa furaha.

"Huyo si mbuzi wetu, baba?" Happy alinong'ona.

"Nyamaza. Sasa ni wa maendeleo."

Ildefonsi alishapanda kibarazani, anarekebisha tai. "Bwana Gaudens, hii picha na mimi nimo. Nisimame karibu na bibi harusi?"

Mjomba mmoja alianza kukunja uso. Gaudens akamzuia kwa macho.

"Utamkanyagia shela, mwenyekiti. Simama pembeni, hapo penye nguzo. Pembeni zaidi. Hapo mtu mkubwa anaonekana peke yake."

"Hapa?"

"Hapo hapo. Usitikisike."

Kisha akamsahau. Alimtazama Happy tu, akazungusha lenzi taratibu, ikikwaruza kwa chembe za salfa zilizobaki. Viatu vilikuwa vinambana, alinuna. Gaudens akabonyeza.

Picha ilichapishwa mjini Nachingwea. Mikwaruzo ilitia ukungu kidogo wa mwanga kuzunguka shela, lakini sura ilikuwa wazi, na mkunjo wa mdomo ulikuwa wa Rozalia mtupu. Kwenye nguzo palikuwa na kitu kama ugali uliomwagika, kimevaa tai.

"Baba, mbona mwenyekiti hana sura?" Happy aliuliza alipokuja kuiona msumarini.

"Lenzi haijamwongezea wala kumpunguzia."

Wiki iliyofuata mpambe alikuja kuiomba. Mheshimiwa anataka picha ile ya harusi, aitumie kwenye kampeni, wananchi wamwone alivyo karibu nao.

Gaudens alikwenda mjini akamtolea nakala. Alichagua saizi kubwa kuliko zote.